SIKU THELATHINI ZIKIPITA
Aliyenyimwa ukimbizi bado anaweza kuomba nafasi ya kukata rufaa



Huku kwetu ziwani wageni ni jambo la kawaida. Mashua huja Sori kutoka Muhuru, kutoka visiwani, hata kutoka Uganda na Tanzania. Wengi huja kutafuta samaki au biashara, kisha hurudi kwao. Lakini wako wengine ambao hawawezi kurudi. Wamekimbia vita, au wanatafutwa wauawe. Mtu wa namna hiyo huenda amekwisha kuomba ukimbizi serikalini akakataliwa. Barua ya kukataliwa ameiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na hajui la kufanya. Mwishowe anamwuliza jirani yake, na jirani huyo huenda akawa wewe, mwanakikundi.

Makala haya yanajibu swali moja: siku za kukata rufaa zikiwa zimepita, je, mlango umefungwa kabisa? Jibu kwa ufupi ni hili: inawezekana kuomba muda zaidi, lakini muda hauombwi kwa machozi. Huombwa kwa kueleza kila siku iliyopotea, kwa karatasi, na kwa haraka. Na karatasi nyingine, kama tutakavyoona, ziko mikononi mwa vikundi vyetu.

KUKATALIWA MARA YA KWANZA SI MWISHO

Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na pia imo katika Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969. Neno kubwa katika mikataba hiyo ni kwamba mtu asirudishwe mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa Afrika ulipanua mambo. Unamhesabu kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia kwa sababu ya vita au machafuko makubwa katika nchi yake, si yule tu anayewindwa kwa sababu ya kabila, dini au siasa.

Kwa miaka mingi kazi ya kuamua nani ni mkimbizi hapa Kenya ilifanywa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 2014 serikali ilianza kuichukua kazi hiyo yenyewe. Leo sheria inayotumika ni Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Anayeamua ni Kamishna wa Wakimbizi, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Kamishna akikataa, sheria hiyo inampa mwombaji siku 30 tangu alipoarifiwa, akate rufaa mbele ya Kamati ya Rufaa. Kamati ikikataa nayo, kuna Mahakama Kuu. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kukataa isichukuliwe kama hukumu ya mwisho. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inasema mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kama barua haina sababu, aziombe, na aziombe kwa maandishi.

JINSI YA KUHESABU SIKU

Watu wengi huchelewa kwa sababu ya hesabu tu. Sheria ya kutafsiri sheria, yaani Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, inatufundisha mambo mawili. Kwanza, siku ya kupokea habari haihesabiwi. Hesabu huanza kesho yake. Pili, siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya taifa, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Lakini Jumapili zilizo katikati huhesabiwa zote.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amepewa barua yake tarehe 3 Machi. Siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi. Siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Asipopeleka rufaa kufikia siku hiyo, amechelewa.

Angalia pia kwamba tarehe iliyopigwa juu ya barua na tarehe ambayo mtu aliipokea huenda zisiwe moja. Barua inaweza kuandikwa mapema halafu ikakaa. Kwa hiyo barua ikifika, andika pembeni tarehe uliyoipata na jina la aliyekupa. Kama ilikuja katika bahasha, usitupe bahasha. Kama ulipigiwa simu au ulitumiwa ujumbe, usifute ujumbe huo.

HATARI YA KUNYAMAZA

Wakati ombi au rufaa yake ikiwa bado inasikizwa, mtu ana la kusema akiulizwa na polisi: mambo yangu yako mezani. Siku zikiisha naye akanyamaza, anaanza kuhesabiwa kama mgeni yeyote asiye na kibali. Anaweza kushikwa, kushtakiwa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, na kurudishwa alikotoka. Kwa mtu aliyekimbia bunduki, hilo si jambo dogo. Ndiyo sababu anayeomba muda aombe pia, katika ombi hilo hilo, kwamba asirudishwe kwao mpaka ombi lake lijibiwe.

JE, MUDA UNAWEZA KUONGEZWA?

Wengi wetu twajua habari hii kutoka kwa kesi za kawaida. Mtu akishindwa kesi ya madai kwa hakimu, ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Akichelewa, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 79G, inaruhusu rufaa ipokewe nje ya muda ikiwa ana sababu nzuri na ya kutosha. Na Sura ya 2 tuliyoitaja inasema kwamba chombo kilichopewa uwezo wa kuongeza muda kinaweza kuuongeza hata kama ombi limeletwa baada ya muda kwisha.

Sasa, sababu nzuri ni ipi? Mwaka 1999, katika kesi ya Leo Sila Mutiso, Mahakama ya Rufaa ilitaja mambo manne ya kuangalia. Mwaka 2014, katika kesi ya Nicholas Salat na Tume ya Uchaguzi, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuongezewa muda si haki ya kila mtu. Ni hisani ya haki anayopewa anayestahili, na mzigo wa kuonyesha kwamba anastahili uko juu ya mwombaji mwenyewe. Hizi hazikuwa kesi za wakimbizi. Hata hivyo, ombi lolote la muda, liwe la shamba, la kura au la ukimbizi, likijibu mambo yale manne huwa limesimama vizuri zaidi. Mambo yenyewe ni haya:

1. Amechelewa kwa muda gani? Siku 12 si sawa na miezi saba.

2. Kwa nini alichelewa? Sababu iwe ya kweli na ijaze siku zote, si siku moja tu.

3. Rufaa yenyewe ina uzito? Hahitaji kuthibitisha kwamba atashinda. Aonyeshe kwamba kuna jambo la maana la kusikizwa. Kwa mfano, mkalimani alitafsiri vibaya, au habari za vita vya kijiji chake hazikuangaliwa.

4. Upande wa pili utaumia? Mara nyingi serikali haipotezi kitu kikubwa kwa kuchelewa kwa siku chache, lakini mkimbizi anaweza kupoteza uhai. Jambo hili liandikwe wazi, lisiachwe likisiwe tu.

Katika kesi hiyo ya Salat kuna fundisho jingine. Mahakama ilisema mtu asiwasilishe rufaa iliyochelewa kimya kimya kisha ndiyo aombe ihalalishwe. Aombe ruhusa kwanza. Kwa hiyo njia salama ni kupeleka ombi la kuongezewa muda, na kuambatisha rasimu ya rufaa yenyewe. Hivyo waamuzi wataona kwamba mtu yuko tayari, hatafuti kuchelewesha mambo.

TURUDI KWA YULE MAMA

Tuseme mama yule wa barua ya tarehe 3 Machi aliugua. Alilazwa hospitalini Karungu tangu tarehe 20 Machi hadi tarehe 9 Aprili. Siku ya mwisho, tarehe 2 Aprili, ilimkuta kitandani. Tarehe 14 Aprili alipeleka ombi lake. Amechelewa siku 12.

Je, kusema tu "nilikuwa mgonjwa" kunatosha? Hapana. Mwamuzi atauliza: na kati ya tarehe 4 na 19 Machi ulikuwa wapi? Na baada ya kutoka hospitalini tarehe 9 Aprili, kwa nini ulingoja mpaka tarehe 14? Hapo wengi hukwama, si kwa sababu wanadanganya, bali kwa sababu hawakujiandaa kwa swali hilo.

Mama huyu ana majibu. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, naye anajua Kiswahili na lugha ya kwao. Alizunguka kutafuta mtu wa kumsomea, akampata mwalimu mmoja tarehe 15 Machi. Mwalimu anaweza kuandika hivyo na kutia sahihi. Kadi ya hospitali inaonyesha siku ya kulazwa na siku ya kuruhusiwa. Alipotoka hakuwa na nauli. Tarehe 12 Aprili kikundi chake kilimchangia, na kitabu cha mweka hazina kinaonyesha tarehe na pesa zilizotoka. Tiketi ya gari la usiku kwenda Nairobi ni ya tarehe 13.

Umeona? Hakuna hata moja kati ya karatasi hizo iliyo kubwa. Lakini zikipangwa kwa tarehe, zinafunga kila pengo. Angengoja mpaka Julai, kadi ile ile ya hospitali isingemsaidia sana, maana ingebaki miezi mitatu isiyo na maelezo.

SABABU NA USHAHIDI WAKE

Ugonjwa, kujifungua au msiba: kadi ya hospitali, cheti cha kuzaliwa, kibali cha maziko, barua ya chifu.

Barua kutofika: bahasha yenye muhuri, ujumbe wa simu, maelezo ya mtu aliyeipokea kwa niaba yake.

Simu kupotea au kuibwa: nambari ya OB kutoka kituo cha polisi, na abstract ikiwezekana. Lakini aliyepotelewa na simu aende kuripoti mara moja, si siku anapohitaji karatasi.

Barabara kukatika: Mto Kuja unapofurika, watu wa Nyatike chini wanajua shida yake. Barua ya chifu yenye tarehe za mafuriko husaidia.

Kushikwa na polisi au kuwa rumande: hati ya mashtaka, risiti ya dhamana.

Kudanganywa na mtu aliyejifanya wakili: risiti za pesa, ujumbe wa M-Pesa. Aseme pia ni siku gani aligundua, na siku hiyo alifanya nini.

Umaskini peke yake ni sababu dhaifu, kwa sababu kuandika rufaa hakuhitaji pesa nyingi na huduma za ukimbizi za serikali ni bure. Na kutojua sheria peke yake pia ni dhaifu. Lakini umaskini pamoja na ugonjwa, au kutojua lugha pamoja na kukosa mkalimani, ni habari nyingine. Aeleze yote, asichague moja.

NAMNA YA KUANDIKA OMBI

Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi kwa Katiba yetu, kifungu cha 7. Kwa hiyo barua kwa Kamati ya Rufaa inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ingawa wakili akipatikana yafaa iwepo na ya Kiingereza. Mahakama Kuu huendesha kazi yake kwa Kiingereza, na huko ni vizuri kuwa na wakili. Ombi liwe na mambo haya, kwa mpangilio huu:

Jina lake, nambari ya usajili wake, na tarehe ya barua ya kukataliwa.

Anachoomba: kuongezewa muda wa kukata rufaa, na kutorudishwa kwao kwa wakati huu.

Kalenda ya siku: tangu siku ya kupokea barua hadi siku ya kuleta ombi, moja baada ya nyingine.

Sababu za rufaa kwa ufupi: uamuzi ulikosea wapi.

Madhara atakayopata akinyimwa.

Viambatisho: barua ya kukataliwa, rasimu ya rufaa, na karatasi zote za ushahidi, zikiwa zimepewa nambari.

Maelezo yaliyo katika kalenda yawekwe katika hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Atoe nakala za kila kitu. Akipeleka, karani agonge muhuri wenye tarehe juu ya nakala anayobaki nayo. Bila muhuri huo, kesho anaweza kuambiwa hakuleta kitu.

Na kama Kamati itakataa kupokea ombi, aombe jibu hilo kwa maandishi. Kwa jibu hilo wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya Katiba na Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015. Sheria hiyo hutaka mtu apitie kwanza njia za ndani ya ofisi, ndiyo maana ni lazima aonyeshe kwamba alibisha mlango wa Kamati. Tusidhani mahakama haisikii wageni. Mwezi Julai mwaka 2013, katika kesi ya Kituo cha Sheria na wenzake, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la serikali la Desemba 2012 la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambini. Wakimbizi wenyewe walikuwa miongoni mwa walioshtaki.

Kwa wakili wa bure, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa watu wanaoweza kusaidiwa. Yapo pia mashirika ya siku nyingi, kama Kituo cha Sheria lililoanza mwaka 1973, na Refugee Consortium of Kenya lililoanza mwaka 1998.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, kumbuka kwamba vitabu vyenu ni ushahidi. Kitabu cha mahudhurio kinaonyesha nani alikosa mkutano na kwa nini. Kitabu cha mweka hazina kinaonyesha nauli ilitoka lini. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha mgonjwa alitembelewa siku gani. Basi viandikeni siku ile ile, vyenye tarehe na sahihi.

Pili, msirudishe tarehe nyuma na msiongeze neno. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na ukurasa mmoja uliochezewa huangusha kurasa tisa za kweli. Kama hamkumbuki, semeni hamkumbuki.

Tatu, msimfiche mtu. Anayetakiwa kuishi kambini huhitaji kibali cha kusafiri, na shida hiyo aeleze wakili mapema. Kumsaidia ni kumfikisha kwa wakili, kwa padri au mchungaji, na mbele ya ofisi inayohusika.

Nne, jihadharini na madalali wanaosema, "Mama, nipe elfu kumi nikupitishie." Hakuna ada ya kukata rufaa kwa Kamati ambayo dalali anaweza kukulipia kichochoroni.

Tano, msiseme "tutaona mwezi ujao." Yule mjane wa Injili alimwendea hakimu tena na tena mpaka akasikizwa. Hakukaa nyumbani akingoja hakimu amwite.

NA WATOTO WETU WALIO NJE?

Jambo hili linatugusa hata sisi. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Wakenya nao walivuka mpaka kuingia Uganda wakiomba hifadhi. Na wako ndugu zetu walioomba ulinzi katika nchi za mbali. Huko siku ni chache zaidi. Aliyekataliwa akiwa Uingereza ana siku 14 za kukata rufaa. Kanada ni siku 15 za kutoa taarifa ya rufaa. Nchi zote mbili hupokea maombi ya kuongezewa muda, na maswali yao ni yale yale: umechelewa siku ngapi, kwa nini, na rufaa yako ina uzito gani. Kwa hiyo mtoto akipiga simu usiku akisema, "Baba, nahitaji barua ya chifu na cheti cha kifo cha mjomba," usimwambie asubiri sikukuu zipite. Asubuhi na mapema nenda kwa chifu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, vitabu vyetu vya kikundi vina tarehe na sahihi kwa kila jambo? Nani atavikagua?

2. Katika eneo letu, ni nani anayeweza kumsomea mgeni barua ya Kiingereza bila kumtoza pesa?

3. Chukueni tarehe yoyote ya barua, kisha kila mmoja ahesabu siku 30. Je, mmepata jibu moja?

4. Mtu akija leo na barua ya miezi miwili iliyopita, tutamwuliza maswali gani, na tutampeleka wapi kesho asubuhi?